Kufuga STI uani: nguvu niliyokuwa naitafuta dukani ilikuwa inavujia kwenye hozi

Jiliwa (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nimechota sana humu bila kuchangia hata tone, leo nalipa deni. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma ashuke moja kwa moja kwenye majibu ya wadau.

Chuma chenyewe ni Subaru Impreza WRX STI ya 2004, bodi ya GDB, toleo la soko la Japani. Injini ni EJ207, boksa (pistoni zimelala ubavu zikitazamana) ya silinda 4, cc 1994, turbo ya njia mbili za moshi, gia 6 za mkono, inavuta miguu yote minne. Karatasi zinasema farasi 280. Namba hiyo ilikuwa ya adabu kuliko ya kipimo: watengenezaji wa Japani walikubaliana mwaka 1989 kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280, na sharti hilo likaja kuachwa 2004. Kwa hiyo ukikuta magari matano tofauti ya Kijapani ya miaka ile na yote yana 280, usishangae.

Mimi si fundi kwa kazi. Nina jeki ya magurudumu, stendi 4, seti ya soketi, spana ya toki (ile inayolia "tak" ukifikia kipimo), jiliwa iliyofungwa kwenye meza, na daftari. Daftari nalitaja makusudi, mtaona. Miaka 4 sasa kila kitu cha gari hili nakifanya mwenyewe kwenye sakafu ya saruji, isipokuwa alaimenti na kubadilisha matairi.

Kilichonileta ni hiki. Mwaka jana gari lilianza kuwa zito. Halikuwa bovu, halikuwasha taa yoyote, ila ukilikanyaga gia ya tatu linafikiria kwanza. Nyuma moshi mweusi kidogo. Mafuta yanakwenda kuliko kawaida. Nikajiambia turbo imezeeka, na ukweli ni kwamba nilitaka iwe imezeeka, maana nilishakuwa na orodha: turbo kubwa, nozeli kubwa, intakula kubwa. (Intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Jina lenyewe lishakuonya: itakula.)

Kabla sijaagiza nikafungua daftari. Kuna kilima kimoja huwa napandia gia ya tatu kutoka 3,000 rpm, naandika geji ya busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) inafika wapi. Mwaka wa nyuma yake: bar 1.1. Siku hiyo: 0.7, na inapanda kwa kujivuta. Nikatoa plagi, nyeusi tii kama mkaa, kavu, masizi ya kupangusika kwa kidole.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Gari hili linapima hewa kwa sensa iliyokaa mwanzoni kabisa, mara tu baada ya eakilina. Hewa ikishapita pale imeshahesabiwa, na kompyuta inamwaga petroli kulingana na hesabu hiyo. Sasa kama hewa inatoroka baada ya turbo, petroli inamwagwa kwa ajili ya hewa ambayo haipo. Ndiyo moshi mweusi, ndiyo masizi kwenye plagi, ndiyo uzito. Turbo yangu ilikuwa inafanya kazi kuliko zamani, sema mzigo ulikuwa unamwagika njiani.

Nikatengeneza kipimo. Kifuniko cha bomba la plastiki kinacholingana na mdomo wa turbo, nikakitoboa, nikapachika vali ya tairi, nikakifunga kwa kipande cha hozi na klempu mbili. Nikaziba mirija ya kupumulia injini, la sivyo presha inaingia kwenye krenki na kusukuma sili za oili. Halafu pampu ya mkono ya baiskeli. Usitumie kompresa ukaifungulia tu, utajuta. Bar 1 inatosha na kuzidi.

Bar 0.2 kimya. Bar 0.3 nikasikia "sssss" nyembamba, haijulikani inatoka wapi. Maji ya sabuni na sponji: juu hakuna kitu, pembeni hakuna kitu. Nikapitisha mkono chini ya intakula, kwenye ile hozi ya mpira inayoiunganisha na bomba la turbo, upande wa chini ambao huwezi kuuona hata ukiinama. Kidole cha kati kikapigwa na upepo. Nilipoitoa hozi na kuikunja kidogo, mpasuko ukafunguka kama jicho, urefu wa ukucha. Ukiiachia, unajifunga, unaona mpira mzima. Yaani bila presha ungeapa hozi ni nzima.

Hozi mpya, klempu mpya, plagi mpya. Kilima kilekile: 1.1. Orodha yangu ya turbo kubwa bado iko kwenye daftari, nimeipiga mstari.

Karibuni tuchangie. Nitaendelea na mkanda wa taimingi wiki hii, nao naufanya mwenyewe, nitaleta mrejesho hapahapa.

KijanaWaTurbo

Mkuu heshima kwako. Nimekaa mkao wa kula. Swali la haraka: mimi nataka ule mlio wa "pssshh" nikiachia mafuta. Niweke vali ya kutoa hewa nje, kuna ubaya?

Jiliwa

Rudi usome kuhusu ile sensa ya hewa. Hewa unayoitoa nje imeshahesabiwa. Kila ukibadili gia kompyuta inamwaga petroli ya hewa uliyoitapika, unapata mchanganyiko mzito kwa sekunde ile, gari linajikwaa, na baada ya muda plagi zinakuwa kama zangu. Vali ya kiwandani inairudisha hewa kabla ya turbo, ndiyo maana haina kelele. Kama lazima upate mlio, toa kisanduku cha kunyamazisha kwenye eakilina, utasikia turbo ikivuta na hutakuwa umeharibu hesabu.

Gasketi

Naunga mkono. Mimi nina sedani isiyo Subaru, silinda 4 turbo vilevile. Nilibadilisha vali hiyo nikawa mfalme wa mlio kwa miezi miwili, halafu gari likawa linazimika nikifika kwenye kona. Nikarudisha ya zamani, ugonjwa ukaisha siku hiyohiyo.

Kwenye plagi niongeze. Gereji moja, sitaitaja, walinikazia plagi kwa nguvu za bega kwenye hedi ya aluminiamu. Nilipokuja kuzitoa, moja ilitoka na nyuzi zake. Tangu siku hiyo plagi nafunga mwenyewe.

Jiliwa

Pole sana mkuu. Kwenye boksa plagi zimelala ubavuni, zinatazamana na bodi, na watu wengi wanaogopa kwa sababu hiyo. Upande mmoja unatoa betri, wa pili unatoa kisanduku cha eakilina. Ujanja ni kuingiza soketi peke yake kwanza, kisha kipande kifupi cha kurefusha, kisha racheti. Ukiviunganisha vyote nje havipiti. Injini iwe baridi kabisa. Kuingiza plagi mpya natumia kipande cha hozi nyembamba ya mpira: unachomeka kichwa cha plagi humo, unazungusha kwa vidole, ikikosea nyuzi hozi inateleza yenyewe badala ya kulazimisha. Ikishakaa ndipo spana ya toki, Nm 21. Ni kidogo kuliko mkono unavyodhani, na hapo ndipo gereji ya Gasketi ilipokosea.

Ukiitoa plagi ikaja na oili kwenye shimo, usihangaike na plagi. Sili za yale mashimo kwenye kifuniko cha vali zimechoka.

Mtembea_Taratibu

Samahanini wakuu, mimi mgeni wa mambo haya. Nimepata sedani ya turbo juzi, niko na hamu. Kitu cha kwanza cha kuongeza ni kipi? Watu wananiambia ekzosi na "stage 1" (kubadilishiwa programu ya kompyuta ili nguvu iongezeke).

Bi_Geji

Mdogo wangu, ongeza breki. Sisemi kalipa kubwa, nasema hizohizo ulizonazo ziwe hai.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu. DOT 4 mpya huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 230, hicho ndicho kiwango cha chini kinachokubaliwa. Yakishanyonya maji kidogo, kiwango kinakuwa 155. Ukishuka mlima mrefu na gari la tani moja na nusu, nyuzi 155 si mbali. Yakichemka ni mvuke, na mvuke unabonyea. Pedeli inakwenda sakafuni kama umekanyaga mto wa kulalia. Yalinikuta. Nilikuwa na ekzosi nzuri sana siku hiyo.

Badilisha kila miaka 2, hata kama hujatembea. Halafu tazama ukingo wa diski, unene wa chini unaoruhusiwa umechongwa hapohapo. Pedi nzuri za barabarani, siyo za mashindano. Za mashindano zikiwa baridi hazishiki, na asubuhi ukitoka nyumbani ni baridi.

Jiliwa

Bi_Geji amemaliza. Kwa wenye kalipa za Brembo kama zangu: za mbele zina nipeli 2 (za kutolea hewa) kila kalipa, ya nje na ya ndani. Mara ya kwanza nilitoa hewa kwenye ya nje tu, nikashangaa pedeli bado laini, nikamlaumu mdogo wangu aliyekuwa anakanyaga. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Maskini alikanyaga saa nzima kwa kosa langu. Na msiizamishe pedeli mpaka mwisho kwenye gari la zamani: pistoni ya pampu kuu inafika sehemu ambayo haijawahi kufika, yenye kutu na uchafu, inachana mpira wake.

Mtembea_Taratibu

Ahsanteni. Kwa hiyo ekzosi nisiweke kabisa?

Jiliwa

Weka, lakini nikupe kisa changu cha mwaka wa pili, ndicho kilichonifundisha kuogopa.

Nilifunga daunpaipu pana, lile bomba la moshi linaloanzia kwenye turbo. Ni kazi ya siku nzima, bolti zenye kutu, nilipoteza ngozi ya vidole viwili. Turbo ikipata njia rahisi ya kutolea moshi inazunguka kwa urahisi zaidi, busti inapanda, kwa hiyo kompyuta inahitaji ramani mpya, yaani majedwali yake ya petroli, cheche na busti. Nikachukua ramani ya mtandaoni, jina tamu, mwenye nayo anasema ametembea nayo miaka. Nikaipakia. Wakuu, gari liliruka. Nilicheka peke yangu ndani ya gari.

Wiki moja baadaye nikachomeka laptopu, nikafungua RomRaider (ni programu ya bure, inasoma kompyuta za Subaru moja kwa moja), nikarekodi mpando mmoja wa gia ya tatu. Usiku nimekaa natazama mistari. Kuanzia 4,500 rpm kompyuta ilikuwa inarudisha nyuma cheche, nyuzi moja, mbili, nne, kila mara injini ilipopumua. Kuna namba moja ya kompyuta hizi ya kujumlisha imani yake kwa petroli na ramani uliyompa. Kwenye kompyuta za zamani ikiwa kamili ni 16, kwenye za baadaye ni 1. Yangu ilikuwa imeshuka karibu nusu. Kompyuta ilikuwa inapiga kelele wiki nzima, mimi nacheka.

Hapa niseme kitu kuhusu neno. Sisi tukisema "injini imenoki" tunamaanisha beringi za konrodi zimekufa, inagonga ko-ko-ko, shusha injini. Ile ni maiti. Noki ninayoizungumzia hapa ni nyingine, ni muuaji: mchanganyiko uliobaki kwenye silinda unajiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, presha inaruka ghafla, unapigwa kama nyundo. Mara nyingi hutaisikia kwa sikio, ekzosi inaifunika. Kinachovunjika kwanza kwenye injini hizi ni kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Sensa inaisikia, lakini lazima umwulize.

Sababu yangu ilikuwa rahisi. Magari ya soko la Japani ya aina hii yamepimwa kwa petroli yao ya daraja la juu, RON (kipimo cha petroli kuhimili noki) 98 hadi 100. Mimi natumia 95. Ramani ile iliandikwa na mtu mwenye petroli bora kuliko yangu. Usiku uleule nikarudisha ramani ya kiwanda, na daunpaipu nikaiendesha kwa upole mpaka nilipopata mtu anayeandika ramani kwa kusoma rekodi zangu mwenyewe, nikimtumia, akirekebisha, mara saba. Tuliishia na busti ndogo kuliko ile ya mtandaoni. Namba imerudi kamili na haijashuka tena.

Kwa hiyo Mtembea: ekzosi ya nyuma, ile ya sailensa tu, weka leo. Daunpaipu, hapana, mpaka uwe na njia ya kurekodi.

KijanaWaTurbo

Mbona STI yako kwenye video yako niliyoiona haingurumi kama Subaru nyingine? Haina ule "bru-bru-bru".

Jiliwa

Mngurumo ule unatoka kwenye manifoldi zenye mirija isiyolingana urefu. Moshi wa upande mmoja unachelewa kuliko wa mwingine. Turbo ya njia mbili inataka mirija inayolingana, ndiyo maana langu linalia kama gari la kawaida lenye hasira. Kuna watu wanatoa mfumo huu na kuweka ule wa zamani ili wapate mngurumo, wanapoteza busti ya mapema. Kila mtu na masikio yake.

Mzee_Spana

Vijana mnaongea busti, ramani, laptopu. Hakuna aliyetaja oili hadi sasa. Injini za boksa nimezishusha nyingi na karibu zote zilikuja na hadithi moja: "Taa ya oili iliwaka kidogo tu kwenye kona."

Jiliwa

Shikamoo Mzee. Umenishika pabaya.

Kwa wasiojua: kwenye injini hii tofauti ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti ni takriban lita 1, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) nzima ni lita 4 na kitu. Ukiwa kwenye alama ya chini umeshapoteza karibu robo ya oili, na bado kijiti kinakwambia uko ndani ya mstari. Ingia kona kali ndefu hivyo, oili inakimbilia upande mmoja, bomba la kunyonyea linavuta hewa. Beringi hazihitaji muda mrefu.

Mimi napima kila nikijaza tanki. Gari liko tambarare, limepoa. Kijiti cha EJ ni cha ovyo, kinapaka oili njiani ikionekana kama imejaa. Pangusa, chovya, soma pande zote mbili, amini upande ulio chini. Natumia 5W-40, nabadilisha kila kilomita 5,000. Najua kuna watakaosema ni upotevu.

Halafu kitu kidogo kilichowahi kunichafulia uwanja mzima: filta ya zamani ilitoka, raba yake ikabaki imegandia kwenye injini. Nikafunga mpya juu yake. Raba mbili. Nikawasha, sekunde 5, oili sakafuni kama bomba limepasuka. Sasa napitisha kidole pale kila mara kabla ya kufunga.

Mzee_Spana

Marahaba. Kilomita 5,000 siyo upotevu. Turbo ile inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoishikilia ni utando wa oili tu. Nayo ikishakuwa nyekundu kwa joto usizime gari ghafla. Dakika mbili za mwisho tembea kistaarabu.

Gasketi

Mzee, oili ya giaboksi je? Kuna anayeikumbuka?

Jiliwa

75W-90 GL-5. Kwenye hii gia za mkono, giaboksi na difu ya mbele vinakunywa chombo kimoja, kwa hiyo chuma kinachosagika difu kinaogelea kwenye gia. Difu ya nyuma ina yake. Fungua tundu la kujazia KABLA ya kumwaga. Ukimwaga halafu ukakuta la kujazia limeganda, gari limekaa juu ya stendi na wewe umekaa chini.

Na kwa kuwa inavuta miguu minne: matairi yote manne yawe sawa. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi takriban milimita 6. Tairi moja jipya na matatu yaliyolika yanalazimisha difu ya kati kufanya kazi muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka.

NipoNipo

Ushushaji je? Langu liko juu kama tumbili, springi fupi zitanisaidia kwenye kona?

Bi_Geji

Zitakusaidia kwenye picha. Kwenye sespensheni ya aina hii ukishusha kupita kiasi mikono ya chini inainamia juu upande wa nje, na gari linalala zaidi kwenye kona badala ya kupungua. Juu ya hapo shokapu zako zimebaki na nafasi ndogo ya kucheza. Badilisha bushi kwanza, weka stabilaiza nene ya nyuma, alaimenti ya mtu anayejua kemba (mlalo wa tairi) ni nini. Mimi gari langu halijashuka hata sentimita 2 na wengi walioshuka nawasubiri mwisho wa kona.

Jiliwa (mrejesho wa mkanda)

Wakuu nimerudi. Mkanda wa taimingi ulikuwa karibu kilomita 100,000, ambazo ndizo mwisho wake kwenye toleo la Japani. Ukikatika kwenye injini hii vali zinagongana na pistoni, hakuna mjadala. Nimeagiza seti nzima: mkanda, puli zote, tensheni, pampu ya maji.

Naandika hii tensheni ikiwa kwenye jiliwa. Ile pini yake lazima irudishwe ndani polepole, zaidi ya dakika 3, tensheni ikiwa imesimama wima. Ukiikandamiza haraka unaharibu sili ya ndani na itakusaliti ukiwa barabarani. Kwa hiyo nageuza mkono robo mzunguko, naandika sentensi, nageuza tena. Ikifika, unachomeka alenki ndogo kwenye tundu iishikilie.

Mitego miwili kwa atakayefuata. Wa kwanza: kwenye sproketi ya krenki kuna mshale unaovutia sana macho. Siyo huo. Alama ya taimingi ni kistari kidogo kilicho nyuma, kwenye meno ya sensa, na kinalingana na kistari cha kwenye bloku. Kwenye kamshafti nako fuata vistari, usifuate mishale. Wa pili: kamshafti za upande wa kushoto zinakaa zikiwa zimebanwa na springi za vali. Ukizigusa vibaya mkanda ukiwa nje zinaruka "pa!", na vali zinaweza kukutana. Nimezishikilia kwa klempu ya plastiki na bado nilikuwa napita mbali kama nampita mbwa aliyelala.

Gasketi

Picha mkuu.

Jiliwa

Mikono ina grisi.

Mtembea_Taratibu

Mkuu nakufuatilia. Nimeona mahali mtu anasema alifunga kila kitu, akazungusha krenki mara mbili kwa mkono, alama za kwenye mkanda zikawa hazilingani tena. Alikosea?

Jiliwa

Hapana, na mimi ndivyo nilivyotoka jasho jana saa nne usiku. Mistari ya rangi iliyochorwa kwenye mkanda ni ya kukusaidia kufunga tu. Ukizungusha krenki mara mbili, kamshafti zinazunguka mara moja, lakini mkanda wenyewe unakuwa umeishia kwingine kwa sababu idadi ya meno yake haigawanyiki sawasawa. Wewe tazama vistari vya sproketi. Vikirudi mahali pake vyote vitano, krenki na kamshafti nne, umemaliza. Vyangu vimerudi. Nimezungusha tena mara mbili, vimerudi. Nikazungusha mara ya tatu kwa woga tu.

Maji ya rejeta nimejazia kwenye lile tenki la juu ya injini, pua ya gari ikiwa juu ya jeki na stendi, nikibinyabinya hozi mpaka mapovu yaishe. Boksa inaficha hewa, usiiamini siku ya kwanza.

Mzee_Spana

Umewasha?

Jiliwa

Nimewasha leo asubuhi. Nilichomoa fyuzi ya pampu ya petroli nikaizungusha kwa stata kwanza ili oili ipande, nikairudisha, nikawasha. Imeshika mara ya kwanza. Nimeiacha silensa (inaunguruma bila kukanyagwa) dakika 20, feni imewaka na kuzima mara mbili, geji ya joto haijasogea. Zimebaki bolti 2 za milimita 10 kwenye sahani na sijui ni za wapi. Nazitafutia mahali pake kabla sijaenda kilimani.

Gasketi

Za kifuniko cha mkanda, upande wa kulia, chini. Zangu zilibaki hivyohivyo.

Jiliwa

Umepatia. Moja ni hiyo.